Fundi wa Galbet ang'oa sakafu ya mathenge ambayo mama yake alikataa kuikanyaga tena

Saa mbili asubuhi, jua la Garissa likiwa tayari limeanza ukali wake, Mowlid Yarrow amepiga magoti ndani ya nyumba ndogo aliyomjengea mama yake mtaani Galbet. Anapachika ncha ya tindo katikati ya vibao viwili, anagonga nyundo, na kibao kinachomoka kwa mlio mkali. Anakipangusa kwa kiganja, anakiweka juu ya vingine, kisha anasogea mbele.

Ni sakafu nzuri. Tuseme ukweli, ni nzuri kuliko nyingi zilizomo katika majumba ya ghorofa ya mji huu. Vibao vyake ni vifupi, vimepangwa kwa mshazari, kimoja kikiegemea kingine, na rangi yake ni ya tende iliyoiva. Mowlid aliipasua, akaipiga randa, akaitandika na kuing'arisha mwenyewe, na kazi hiyo ilimchukua msimu mzima wa kiangazi.

Leo anaing'oa. Hakuna serikali iliyomwamuru wala jirani aliyemshtaki. Aliyemwamuru ni mama yake mzazi, Abshiro, ajuza anayeishi peke yake Kotile, huko Ijara, ambaye ameapa kwamba hatakanyaga tena nyumba hiyo maadamu sakafu hiyo imo ndani.

"Usiniulize kama inauma," Mowlid anamwambia mwandishi bila kuinua macho. "Inauma. Uliza ingine."

Anafika kwenye kitanda cha chuma kilicho pembeni. Hakisogezi. Anakizunguka, anaendelea upande wa pili.

Kosa la sakafu hiyo ni moja tu, nalo ni mti uliotumika. Ni mathenge.

Msomaji wa Nairobi au Mombasa huenda akaona ni jina tu. Kwa mfugaji wa Garissa, Ijara au Tana, kulitaja jina hilo ni kumtonesha kidonda. Mti huu wa miiba uliletwa miaka mingi iliyopita na watu waliosema utazuia jangwa. Wakaupanda, wakapiga picha, wakapanda magari yao mazuri wakaondoka. Mti ukabaki. Ukaziba njia za kwenda mtoni, ukameza malisho, ukaota hata mahali ambapo hapajawahi kuota kitu.

Na mbuzi wakaupenda, hapo ndipo balaa lilipoanzia. Maganda yake ni matamu. Mbuzi anayeyala siku baada ya siku meno yake huoza, hung'oka, na mbuzi asiye na meno hufa kwa njaa akiwa amesimama kwenye majani.

"Hooyo alikuwa na mbuzi karibu mia," anasema Mowlid. Hooyo ni mama kwa Kisomali, na mama wa Kisomali naye humwita mwanawe kwa neno hilo hilo. "Mimi ndiye nilikuwa nachunga. Nilikuwa nafungua mdomo ya mbuzi, naona hakuna jino. Wengine mwiba iliwaingia kwa kwato, mguu ikaoza. Ilibaki mbuzi wawili. Hooyo akaniambia enda town, hapa hakuna kitu ya kuchunga."

Alikuja mjini kijana mwenye nguvu asiyejua kazi yoyote isipokuwa mifugo. Akasukuma maji kwa mkokoteni wa punda. Akabeba saruji. Mwishowe akaangukia karakana ya seremala mmoja kutoka bara, Muriuki, aliyemfundisha kushika randa na kunoa msumeno.

Siku moja Muriuki alileta gogo la mathenge, akamwambia alipasue. Mowlid anakumbuka alivyolikata.

"Nilikata na hasira, wallahi. Muriuki akaniambia, pole pole, utavunja msumeno. Hakujua. Mimi sikuwa nakata mbao, nilikuwa nalipiza mbuzi yangu."

Ndani ya lile gogo lililopinda akakuta kitu asichokitarajia. Mbao ngumu, nzito, isiyopinda ikikauka, isiyoguswa na mchwa. Magogo ya mathenge ni mafupi na ya kupindapinda, hayatoi ubao mrefu, lakini yanatosha kutoa vibao vya sakafu, miguu ya benchi, migongo ya viti. Muriuki aliporudi kwao Embu, Mowlid alibaki na vifaa, na akala kiapo kwamba hatagusa mti mwingine.

Katika mji huu kuchagua kiti cha kuweka nje si jambo la mchezo. Kiti cha plastiki kikishinda juani miezi michache huwa kikavu kama biskuti, na siku mgeni mnene akikikalia, mguu unapasuka na aibu inakuwa ya mwenye nyumba. Cha chuma kikipigwa na jua la saa saba hakikaliki hata kwa taulo. Mbao laini za bara mchwa huzimaliza mwenye nyumba akiwa safarini.

Sakafu nayo ina mambo yake. Vigae vinavyong'aa hupendeza dukani, lakini katika nyumba ambayo watu hutawadha mara tano kwa siku na kuingia na miguu mibichi, vigae hivyo vimeshalaza wazee wengi chini. Kapeti ya plastiki hutoka jasho kwa chini na kunuka. Saruji tupu hupasuka.

Mathenge haina matatizo hayo hata moja. Mowlid anaweza kulizungumzia jambo hilo hadi mwandishi aishiwe na wino. Ila wateja wake wanaojua hayo na wakanunua, karibu wote si watu wa hapa.

"Ni walimu, ni askari, ni watu ya ofisi," anasema. "Wakipewa uhamisho wanabeba. Benchi yangu iko Embu, iko Nyeri, iko Machakos. Kotile hakuna hata moja."

Wiki iliyopita, anasimulia, mzee mmoja mfanyabiashara wa ng'ombe alisimama kwenye banda lake la barabarani. Akalikalia benchi, akaegemea, akashukuru Mungu. Akapapasa mkono wa benchi, akasema mashallah. Kisha akauliza swali ambalo kila mfugaji huliuliza, kwa sababu kwao kila mti una kazi yake, wa kuchongea kibuyu cha maziwa si wa kujengea, na wa kujengea si wa kupigia mswaki.

"Mti gani huu?"

Mowlid akamwambia. Yule mzee akainuka kama aliyekalia kaa la moto, akajikung'uta kikoi chake nyuma, akavuka barabara na kununua viti vya plastiki.

"Na nyumbani kwake anapika na makaa ya mathenge!" Mowlid anasema, na hapa sauti yake inapanda. "Kuchoma wanakubali. Kukalia hapana. Mimi nikikalia hii miti, naona nimeishinda. Wao wakikalia, wanaona wamekalia mbuzi yao iliyokufa."

Kama ingekuwa ni wateja tu, angevumilia. Wateja wa bara wanatosha kumlisha yeye na mkewe Rukiyo. Lakini mama yake amezeeka. Macho yake yameingia ukungu, mvua imekataa tena, na mwaka jana majirani walimkuta ameanguka njiani akitoka kuteka maji, dumu limemwagika pembeni yake. Wakampigia Mowlid. Akakata shauri kumleta mjini, apende asipende.

Akajenga vyumba viwili nyuma ya nyumba yake ya mabati. Alitaka mama yake apate kitu bora kuliko vyote alivyowahi kuuza, na kitu bora alichokuwa nacho kilikuwa kimoja tu. Akatandika sakafu. Akatengeneza na benchi pana la kibarazani, lenye mgongo uliolala kidogo, la kukaliwa na mtu mwenye kiuno kibovu.

Rukiyo alimwonya. "Nilimwambia, muulize kwanza," anasema mke huyo akiwa mlangoni na fagio mkononi. "Akaniambia hooyo haoni vizuri, hatajua. Nikamwambia, Mowlid, hooyo amekaa na miti maisha yake yote, utamficha miti?"

Abshiro alifika na gari la abiria jioni moja, na mzigo wake wa mikeka. Akavua viatu mlangoni, akaingia, akainama na kuipapasa sakafu kwa mkono. Akauliza mti gani. Mowlid akamjibu kwamba ni mti wa mtoni.

Haukuwa uongo mtupu, maana mathenge imejaa kando ya mto. Ila alijua anachokificha, na mama yake, kwa kuwa aliyemjibu ni mwanawe, akaliamini jibu hilo. Usiku ule akalala vizuri. Rukiyo anasema alimsikia akimwombea dua mwanawe aliyemtandikia sakafu baridi isiyoumiza magoti wakati wa kuswali.

Asubuhi ajuza akatoka kuzunguka nyumba, kuijua. Huko nyuma Mowlid alikuwa amerundika matawi aliyoyakata kwenye magogo, kuni za Rukiyo. Mwiba ukamdunga kidole. Hakuhitaji macho. Mwiba ule ameutoa kwenye kwato za mbuzi wake miaka na miaka.

Hakupiga kelele. Aliingia akatoa mikeka yake, akatandika mmoja nje kwenye mchanga, akakaa hapo juani hadi gari la kurudi Ijara lilipopatikana. Chai ya Rukiyo aliinywa. Benchi lilikuwa hatua chache kutoka alipokaa. Mowlid alimwomba alikalie angalau wakati wa kuvaa viatu, akamjibu kwa sauti ya chini.

"Mti uliokula mbuzi zangu, nami niukalie?"

Tangu siku hiyo Mowlid aliamini kwamba kisa ni mbuzi, na kwamba hasira za mbuzi zitapoa. Alituma sukari, alituma nguo. Alituma watu wazima wa ukoo wakazungumze naye. Jibu likawa lile lile, na kila aliyekwenda alirudi na habari kwamba bibi anapungua.

Kisha mwezi uliopita akapokea ujumbe wa sauti, uliorekodiwa kwa simu ya jirani. Anamfungulia mwandishi ausikie, akisimamisha kila baada ya sentensi chache ili atafsiri. Sauti ni kavu, haina haraka.

"Hooyo, sikiliza. Usiku uliozaliwa, ulilala ndani ya nyumba niliyoijenga kwa mikono yangu. Kila mti wa nyumba ile niliuchagua mimi, nikaukata mimi, nikaukunja mimi. Mikeka ya juu na ya chini niliifuma mimi. Tulipohama niliivunja nikaipakia kwenye ngamia, tulipofika nikaijenga tena. Baba yako hakuwahi kuniambia weka mti huu, toa ule. Nyumba ni ya mwanamke. Kazi ya mwanamume ni zizi. Anakata miiba, anaizungusha, anaingiza mifugo ndani. Wewe umekata miiba, umeizungusha, umeniingiza mimi ndani. Ulichonijengea si nyumba. Ni zizi."

Mowlid anaizima simu na kuirudisha mfukoni.

"Alisema ukweli," anasema. "Mimi nilijua hiyo desturi. Nimezaliwa ndani yake. Lakini nimekaa town, na hapa nyumba ni ya fundi na ya mwenye pesa. Kila siku nauliza wateja, mama unataka rangi gani, mwalimu unataka mgongo namna gani. Watu wote nimeuliza. Hooyo sikuuliza."

Kuna uchungu usio na mtu wa kumlaumu, na uchungu wa aina hiyo ndio mbaya zaidi. Mowlid angeweza kuwalaumu walioleta mathenge, na huwalaumu kila siku. Lakini hawakuwa wao waliochagua sakafu ya Abshiro.

Kabla ya saa sita pikapu inarudi nyuma hadi mlangoni. Anashuka mwalimu Ciku Mureithi, anayefundisha shule moja ya msingi mjini hapa, na ambaye amepata uhamisho wa kwenda kwao Kirinyaga. Anajenga huko. Aliposikia kwamba fundi anang'oa sakafu, aliomba kuinunua yote, pamoja na benchi.

"Fundi, hii kitu ni nzuri aki," anasema akigeuza kibao mkononi. "Huko kwetu hakuna mtu anasumbuka na mathenge. Mimi nitaiweka kwa sitting room. Na hii benchi ni ya mamangu. Atakuwa anakaa hapo kwa veranda akikunywa chai, aangalie ng'ombe."

Anasema bila nia mbaya. Hana habari kwamba benchi hilo lilitengenezwa kwa ajili ya mama wa fundi. Mowlid anaitikia kwa kichwa, anashika upande mmoja wa benchi, dereva anashika wa pili, wanalipandisha. Mowlid mwenyewe analifunga kwa kamba juu ya vibao vilivyokwisha pakiwa, na anaweka gunia chini ya mkono wa benchi ili lisikwaruzwe njiani.

"Mwambie mama asiiache kwa mvua mwaka wa kwanza," anamwagiza. "Apake mafuta kidogo. Baada ya hapo itakaa kuliko sisi wote."

"Asante sana, fundi. Mungu akubariki."

Pikapu inaondoka na vumbi lake. Mowlid anasimama akiitazama mpaka inapokata kona. Kisha anarudi ndani, ambako sasa kuna saruji chafu yenye madoa ya gundi, na mwangwi.

Anatoa simu na kumpigia jirani wa Kotile, anayempelekea mama yake simu. Anaiweka kwa sauti kubwa. Wanaulizana hali, mvua, mbuzi wawili waliobaki. Kisha anamwambia kwamba amemaliza. Rukiyo, ambaye amesogea karibu, anamnong'onezea mwandishi tafsiri.

"Umeng'oa yote?" ajuza anauliza.

"Yote, hooyo."

Kwa mbali kwenye simu mbuzi analia.

"Hata chini ya kitanda?"

Mowlid anageuka. Chini ya kile kitanda cha chuma alichokizunguka asubuhi nzima, vibao bado viko mahali pake, vinang'aa. Hivyo ndivyo vibao alivyovitandika mwisho na kuvisugua kwa msasa kuliko vyote, na alikuwa amejiambia kwamba huko hakuna atakayeangalia. Rukiyo anamtazama.

"Bado," anasema Mowlid. "Chini ya kitanda bado, hooyo."

"Nilijua. Mimi ndiye niliyekulea. Vitoe, kisha unipigie."

Simu inakatwa. Mume na mke wanashika kitanda, huku na huku, wanakisogeza katikati ya chumba. Mowlid anapiga magoti. Safari hii hagongi kwa nguvu. Anavitoa kimoja kimoja, polepole, kama mtu anayeng'oa mwiba mguuni mwa mnyama bila kutaka kumuumiza, na machozi yanapomdondoka hayafuti, wala hajifichi.

Mwalimu ameshakwenda na pikapu yake. Rukiyo anavikusanya vibao kwenye upindo wa dirii, gauni lake refu, anasimama navyo.

"Hizi nipeleke wapi?"

"Jikoni," anasema Mowlid. "Ndiyo kazi yake wanaijua."

Moshi wa kwanza unapoanza kupita dirishani, anapiga simu tena. Anasema vimekwisha, na kwamba sasa nyumba haina kitu chini. Anamuuliza mama yake, kwa mara ya kwanza maishani mwake, anataka sakafu iwe ya nini.

Ajuza anajibu kwa sauti ile ile kavu, isiyo na haraka.

"Ijumaa uje unichukue," anasema Abshiro. "Uje na shoka. Macho yangu hayaoni mbali, lakini mkono wangu unaijua miti. Nitakuonyesha wa kukata."

Mowlid anasema atakwenda. Kama mama atachagua mti unaoliwa na mchwa, atauweka. Kama atataka mchanga mtupu na mkeka wake juu, ataubeba mchanga huo kwa gunia kutoka Kotile. Na akisema kuta nazo zibomolewe, Rukiyo ameshajua wapi nyundo iko.

"Hii miti ilichukua mbuzi," anasema akikung'uta vumbi la mbao magotini. "Leo imechukua kazi nzuri kuliko yote nimewahi kufanya. Lakini hooyo siiachii imchukue."